Zabibu Zilizoteremka Njiani

Nyumba ya Geti la Bluu,
Nyuma ya Gereji Kubwa.
Jumapili mchana, mwezi wa sita.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Pokea salamu za kaka yako, mwanaume mwenye bahati kuliko wote waliowahi kushika usukani. Bahati inanifuata, Kitinda, kama mbwa anavyomfuata muuza nyama. Wenzangu wanatupwa nje ya kazi kama matairi yenye vipara, lakini mimi nimeondoka mwenyewe, kwa miguu yangu, kichwa juu. Tajiri wa magari alinisindikiza mpaka getini akinibembeleza nibaki. Nikamwambia, tajiri, barabara nimezimaliza, mipaka yote wananijua kwa jina, sasa niache nikae na familia. Alitikisa kichwa, karibu alie. Sasa niambie, ni wangapi wanaacha kazi wakiwa bado wanatakiwa?

Hujambo wewe lakini? Shemeji hajambo? Kile kifua chako kinachobana wakati wa baridi kimepona, au bado unakificha ili usiende hospitali? Watoto wamekua kiasi gani? Yule mkorofi wa mwisho bado anapanda juu ya kabati? Msimpige sana. Alivyo yeye ndivyo nilivyokuwa mimi, na tazama nilivyotokea.

Sisi huku ni wazima. Sukari yangu imetulia, kwa sababu daktari amenikataza kila kitu kitamu isipokuwa maneno. Usishangae kuona herufi zimenenepa namna hii na mstari mmoja umekula nafasi ya mitatu. Karatasi ninazo nyingi, na unajua mimi si mchoyo.

Habari kubwa ni ile ya kuoka. Kwenye simu nilikudokezea tu, maana salio halina huruma, lakini leo nimekaa chini na nitakueleza yote, pamoja na yale ambayo huenda unayajua kuliko mimi. Hayo tutayafikia.

Nilipoacha kazi nilikaa nyumbani kama mzigo uliokosa mwenyewe. Asubuhi wifi yako anakwenda kwenye cherehani yake, binti yangu anakwenda chuo, mimi nabaki na redio. Redio nayo ina mambo mawili tu, kuimba na kutangaza vifo. Siku moja wifi yako akaacha pakiti ya unga wa ngano mezani, ile yenye maelezo ya keki ubavuni. Binti alipokuwa anajiandaa kutoka nikamwambia hebu nisomee hapa. Akanisomea akiwa anafunga kamba za viatu. Unga, mayai, sukari, siagi, maziwa, pauda ya kuumulia. Nikajiambia, basi ni hayo tu? Mimi niliyepandisha lori lenye saruji mlimani, breki zikinukia, nishindwe na yai?

Oveni hatuna. Wifi yako alinionyesha mara moja. Unaweka mchanga ndani ya sufuria kubwa, unaibandika jikoni, ukishapata moto unatumbukiza ndani yake sufuria ndogo yenye mchanganyiko, unafunika kwa mfuniko wa bati, halafu unaweka makaa juu ya mfuniko. Moto chini, moto juu. Nilipoona hivyo nikamwambia nyamaza, nimeelewa, hii ni injini. Alitaka kuendelea kunieleza. Nikamfukuza jikoni kwangu, yaani jikoni kwake.

Nilikuwa na utaratibu wangu, na niliupenda. Kila baada ya muda nafunua mfuniko kutazama, kama dereva anavyofungua boneti. Wifi yako alisema keki haipendi kufunuliwa, inashuka. Nikamwuliza, wewe umewahi kuona injini inakasirika kwa sababu imetazamwa? Nikiona imekaribia, naigonga mgongoni kwa mpini wa mwiko, halafu natega sikio, vile tunavyogonga tairi kusikia kama lina upepo wa kutosha. Kila keki ilikuwa na mlio wake. Pakiti nayo ilisema pauda kijiko kimoja cha chai. Aliyeandika hayo ni mwoga. Kama kijiko kimoja kinainua keki, vitatu si vitaifikisha darini?

Kitu kimoja tu sikuweza kukifanya, nacho ni kula. Daktari alishasema, na wifi yako ni askari wa daktari. Nikawaambia yeye na binti, sikilizeni, mimi nitaoka, ninyi ndio ulimi wangu. Mtakachosema ndicho nitakachokijua. Wakakubali wote wawili, wamesimama hapo hapo mlangoni.

Keki ya kwanza nikawakatia, nikakaa nao nikisubiri. Wifi yako akatafuna polepole, akanywa chai, akanywa chai tena, akasema, "Baba, hii imekubali." Binti akafumba macho. "Baba, hapa nakosa hata la kusema."

Nikapiga mluzi kutwa nzima, Kitinda. Ule mluzi wangu wa safari ndefu, uliokuwa ukiusikia ukiwa mdogo ukakimbilia barabarani. Ilikuwa muda mrefu sijaupiga.

Basi ikawa karibu kila siku keki. Wakirudi wanakuta ipo mezani, nikilala nikiamka haipo, sahani imeoshwa. Nikisema mbona mmemaliza haraka, wananiambia haikai, Baba, ni tamu mno. Hata kuku wa jirani walikuwa wakiniona nawasha mkaa wanakuja kupanga foleni mlango wa nyuma. Nilikwenda gereji nikawatangazia mafundi na madereva wote kwamba harufu ya mkono wangu inawatoa kuku bandani. Wakacheka. Nikawaambia chekeni, siku ya sherehe ya binti yangu mtafunga midomo wenyewe.

Nawe ulinipigia siku ile ukasema, "Kaka, sifa za keki zako zimetufikia hadi huku, niwekee kipande." Nilifurahi mpaka nikamsimamisha mpita njia nikamwambia mdogo wangu yuko mbali na ameomba keki.

Sasa sherehe. Binti yangu amemaliza masomo yake ya uuguzi, unajua tulivyohangaika naye mpaka akamaliza. Nikasema keki sinunui, naoka mwenyewe, na hilo halina mjadala. Binti akasema, "Lakini Baba, wanakuja wenzangu na mwalimu wetu, labda tukusaidie hiyo kazi." Nikamwambia siku baba yako akishindwa kumwokea mwanawe keki, siku hiyo mnizike.

Kilichokuwa rohoni mwangu sikumwambia mtu, nakwambia wewe. Wenzangu wa barabarani walikuwa wanakuja, na tangu niache lori walikuwa wananisalimia kama mgonjwa. "Mzee unaendeleaje? Mzee pumzika." Nilitaka waone kuna kitu mikono hii bado inakiweza. Sikuwa na shida ya sifa, sifa ninazo za kugawa. Nilitaka waache kunisalimia kwa sauti ile.

Asubuhi ile nilioka keki iliyozipita keki zangu zote. Unga niliuchekecha mara mbili. Mayai niliyapiga mpaka bega likauma. Na nikaongeza kitu ambacho sikumwambia mtu yeyote, zabibu kavu, nilizinunua mwenyewe kwa muuza viungo nikazificha mfukoni mwa koti. Nikazimwaga zote. Ilipoiva nikaigonga, nikasikiliza, ikatoa mlio mzito. Nikaigeuza kwenye sinia, nikaifunika kwa kitambaa cheupe, nikaenda kuoga na kuvaa suti.

Wageni wakajaa uani mpaka wengine wakakalia ndoo. Nikasimama mbele ya sinia na kisu mkononi, na wewe unanijua nikisimama mbele ya watu. Nikasema, wapendwa, keki hii hakuna mkono mwingine ulioigusa. Unga nimechekecha mimi, mayai nimepiga mimi, moto nimewasha mimi. Na ndani yake nimepakia zabibu, kila kipande mtakutana nazo zimejipanga kama taa za barabarani!

Nyuma yangu nikamsikia wifi yako: "Zabibu?" Halafu kwa sauti ya juu kidogo, "Baba, inatosha, watu wana njaa." Nikadhani anaona haya kwa kuwa na mume mwenye kipaji.

Kisu kikaingia vizuri, kikaingia vizuri mno. Binti akalishwa, mwalimu wake akalishwa, watu wakapiga vigelegele. Sahani zikazunguka. Nikawa nasikiliza midomo inavyotafuna, nikasikia watu wanaguna kwa utamu. Mwalimu akasema, "Mzee, hongera, hii ni keki ya mtu aliyesomea." Kitinda, nilikuwa mrefu siku ile, nilikuwa nagusa waya za umeme.

Halafu yule dereva mwenzangu tunayemwita Breki akainua kipande chake akakigeuzageuza.

"Kiongozi, mbona zabibu sizioni?"

"Tafuta. Zipo."

"Nimetafuta. Nimefika mwisho wa barabara, sijaona hata moja."

Fundi mmoja wa gereji akadakia, "Zimeteremka njiani! Dereva hakufunga turubai!"

Uani pakapasuka kicheko. Mwingine akauliza kama nimelipia ushuru wa zabibu mpakani, mwingine akasema zimeshuka kwenye tuta. Mimi nilicheka kuliko wote. Huku nacheka nikachukua kipande kutoka sahani ya binti, nikakivunjavunja kwa vidole. Hakuna kitu. Nikakitia mdomoni, daktari akafie mbali. Kilikuwa laini, kinayeyuka, kina vanila. Niliijua hapo hapo. Ni keki ya lile duka la mikate la njia panda, niliyokuwa nanunua zamani kila nikirudi safari, kabla ya sukari.

Watu wote walikuwa wananitazama wakisubiri jibu langu. Nikasema, "Zabibu nilizila zote nikionja! Mpishi asiyeonja si mwizi wa mkaa?" Wakapiga makofi. Nikainama kama mwanamuziki. Breki akanikumbatia, akaniambia, "Mzee bado umo." Na mimi nikazipokea hongera za mwanamke mwoka mikate wa njia panda, moja moja, kwa mkono wangu huu.

Nikaingia jikoni. Wifi yako na binti walikuwa wamesimama karibu karibu kama watu wanaosubiri mvua ipite.

"Yangu iko wapi?"

"Baba, taratibu, wageni watasikia."

"Nimeuliza yangu iko wapi."

Binti, na joho lake la sherehe, akanyoosha kidole nyuma ya pipa la maji. Ilikuwa ndani ya beseni, imefunikwa gunia.

"Na zile nyingine? Zile zote zilizokuwa tamu mno hazikai?"

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na kuku mmoja wa jirani akachungulia, akaingiza shingo upande, akanitazama kama anayeulizia fungu lake. Sikuhitaji jibu tena. Mimi nilikuwa napika chakula cha kuku, Kitinda, na nimekwenda kujisifu nacho gereji.

Binti akaanza kulia. "Nisamehe, Baba. Mwalimu alikuwa anakuja. Niliona aibu." Hilo neno aibu lilinipiga hapa kifuani na bado lipo. Nimemlea mtoto huyu, nimekwama naye kichwani mwangu kwenye matope ya kila nchi, nikijiambia vumilia, una binti anasoma. Kumbe amesoma akafika mahali pa kunionea aibu.

Wifi yako hakulia. Yeye akafoka kwa sauti ya chini, unamjua. "Ulitaka nikuambie nini? Ulikuwa umelala umegeukia ukuta, huongei, huli, hata redio unaizima. Siku ulipopiga mluzi nililia huko kwenye cherehani. Nani alikuwa na moyo wa kukuambia keki yako inachoma ulimi? Wewe ungeweza?"

"Ningeweza."

"Haya. Mimi sikuweza. Na si peke yangu. Hata wifi yangu Kitinda nilimwambia kwenye simu tangu ile ya kwanza, akasema mwacheni kaka ajifurahishe, msimwambie."

Sasa unaona kwa nini nimekuandikia badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungecheka, nami ningecheka, na jambo lingeisha bila kuisha.

Wageni walipoondoka niliitoa keki yangu nyuma ya pipa. Nikakaa juu ya kigoda uani, bado nimevaa suti, nikakata kipande nikala. Nilitaka nijue mwenyewe, bila ulimi wa mtu. Ilikuwa mbaya. Sikufichi, ilikuwa mbaya sana. Chini imeungua, katikati mbichi inanata menoni kama gundi, na ile pauda inauma kama betri ya redio ukiilamba. Zabibu zote zilikuwa zimezama chini zimekaa pamoja kama abiria waliogoma. Mluzi wangu wote ule ulikuwa juu ya kitu hicho.

Lakini keki mbaya naiweza. Nimelala chini ya lori, nimekula mkate wenye vumbi na dizeli, ladha mbaya hainiui. Wangeniambia siku ya kwanza, "Baba, pauda imezidi, na acha kufunuafunua," ningegomba kidogo, ningetukana pakiti, kesho yake ningetia kijiko kimoja. Hadi siku ya sherehe si ajabu ningekuwa nimejua. Wao wakaona mimi si mtu wa kuambiwa. Wakanipigia makofi kama mtoto aliyejisaidia kwenye poti. Watu hawa wanaonijua nilivyo mkali wa barabara, wakakaa chini wakapanga jinsi ya kunibeba. Na wewe uliyeniomba nikuwekee kipande ulijua kipande hicho kinaliwa na nani.

Ulicheka ulipokata simu? Nataka unijibu hilo. Kama ulicheka, andika kwamba ulicheka. Kicheko nakiweza. Ile sauti ya kusalimia wagonjwa ndiyo siiwezi, na sikutegemea kuisikia kwako. Wewe ndiye niliyekuwa nakubeba mabegani tukienda shule, ukinivuta masikio kama usukani.

Tangu siku ile jiko sijaliwasha. Kuku wanakuja, wanasubiri, wanaondoka. Alhamisi wifi yako aliweka unga na mayai mezani, akaenda kazini. Vipo hapo hapo. Binti naye juzi alikaa pembeni yangu akasema, "Baba, nikueleze ilikuwa na kasoro gani?" Nikamwambia leo ndiyo umepata kinywa? Hakuondoka. Tulikaa hivyo hivyo mpaka chai ikapoa. Uso wake una uchovu, ameanza kazi wodini. Nilimwambia akalale. Siyo kwamba nimemsamehe, nilimwambia tu akalale.

Nimekuwekea humu picha ya sherehe. Binti ndiye mwenye joho, wifi yako ndiye anayetazama chini, na anayecheka mdomo wazi ni mimi. Waonyeshe watoto, usiwaeleze.

Sasa nakuacha, mkono umechoka. Msalimie shemeji, mwambie ile safari aliyoahidi kutuletea familia tunaisubiri bado. Msalimie mama mkwe wako na miguu yake inayomsumbua. Salimia shangazi kama anafika hapo kwenu, na umwambie simsahau hata kama yeye amenisahau. Watoto uwabusu wote, mkorofi mara mbili. Mungu akufunike wewe na nyumba yako, akulegezee kifua, akupe watu wa kukuambia ukweli wakiwa wanakutazama usoni.

Ni mimi, kaka yako, ninayekupenda hata leo ninapokukasirikia,

Kaka Mkubwa.

Bahasha sijaibandika. Nimekaa nikaisoma barua hii tangu juu, polepole, kwa kuisogeza puani, na kuna kitu lazima nikiseme kabla sijakudai wewe ukweli. Yale ya mwanzo, kwamba tajiri alinibembeleza nibaki, hayakutokea. Sukari imekula macho yangu. Tajiri alinisimamisha uani kwake mbele ya madereva wote, akaniambia nisome namba ya gari lililokuwa mbele yangu. Sikuiona. Akanyoosha mkono nikampa ufunguo. Hakuna aliyenisindikiza getini.